Divai Ikiganda: Kinachotokea Ndani ya Chupa Iliyosahaulika Kwenye Friza

Jumamosi mjini Goma ni siku ya harusi, mahari na ubatizo. Kuanzia Himbi hadi Katindo, kuanzia Majengo hadi Ndosho, friza hujazwa hadi kifuniko kigome kufunga: kuku, sambaza, soda, Primus, na katikati yake chupa mbili tatu za divai zilizosukumwa humo dakika za mwisho ili zipate baridi upesi. Kisha wageni wanachelewa. Umeme uliokatika mchana unarudi usiku, wakati mwenye nyumba amekwisha kulala. Asubuhi chupa imefunikwa na ukungu mweupe, kizibo kimechomoza nusu kidole, na rangi nyekundu imechirizika hadi kwenye lebo.

Hapo ndugu hugawanyika. Mmoja atasema divai imekufa, imwagwe. Mwingine atasema imekuwa kali zaidi, inywewe. Shangazi mwenye uzoefu atasema ipelekwe jikoni, ikapikiwe nyama. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wengi wetu tunamlaumu asiye na hatia. Barafu yenyewe haiiharibu sana divai. Wanaoiua ni hewa inayopenya kwenye kizibo na, katika mji wetu, joto ambalo chupa ilikutana nalo kabla ya kufika Goma.

Maji hutangulia, kileo hubaki nyuma

Divai nyingi za mezani zina kileo cha asilimia 11 hadi 14. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji, pamoja na sukari kidogo, asidi, rangi na harufu ya zabibu. Maji huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Kileo kitupu huganda kwenye nyuzi kama 114 chini ya sifuri, baridi ambayo hakuna friza ya nyumbani inayoweza kuifikia. Vikichanganyika, vinapatana katikati: divai yenye kileo cha asilimia 12 huanza kuganda ikifika nyuzi 5 hivi chini ya sifuri. Bia yenye asilimia 5 huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Konyagi au wiski yenye asilimia 40 inahitaji nyuzi 27 hivi chini ya sifuri, na ndiyo sababu inalala kwenye friza mwezi mzima bila kushikana.

Friza iliyo salama kwa nyama na samaki huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo divai ikiachwa humo usiku kucha lazima igande, ila haigandi yote kwa mkupuo. Kinachoganda kwanza ni maji, na barafu inayojijenga inakuwa karibu maji matupu. Kileo na sukari vinasukumwa pembeni, kwenye majimaji ambayo bado hayajashikana. Kadiri barafu inavyoongezeka, ndivyo majimaji hayo yanavyozidi ukali, na kadiri yanavyozidi ukali ndivyo yanavyozidi kuwa magumu kuganda. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, majimaji yaliyobaki yanakuwa na kileo cha asilimia 30 hivi. Kwa hesabu ya haraka, theluthi mbili hivi ya chupa imekuwa barafu, na theluthi moja ni majimaji makali yaliyonaswa katikati ya vipande vya barafu. Ukiitazama kwa nje utaapa kwamba ni jiwe moja.

Kwa hiyo yule ndugu anayesema divai iliyoganda ni kali ana sababu. Akiimimina ikiwa imeyeyuka nusu tu, glasi ya kwanza itabeba kileo na sukari nyingi kuliko kawaida, na glasi za mwisho zitakuwa na ladha ya maji yaliyooshea glasi. Chupa nzima haijaongeza hata tone moja la kileo. Kilichokuwa kimeenea sawasawa ndicho kimetengana. Ikiachwa iyeyuke yote, kisha ikageuzwa taratibu juu chini mara mbili tatu, inarudi kuwa kitu kimoja.

Ujanja huu wa kutenga kileo kwa barafu ni wa zamani. Walowezi wa Amerika Kaskazini waliacha pombe ya tofaa nje wakati wa baridi kali, wakitoa barafu kila asubuhi hadi wabaki na kinywaji kikali. Ujerumani kuna bia inayotengenezwa kwa njia hiyo hiyo. Huku kwetu kuna watu wanaofikiria kuijaribu kwa kasiksi, kile kinywaji cha ndizi mbivu na unga wa mtama. Ni wazo baya. Kiasi cha kileo ndani ya kasiksi hakiandikwi popote, kila mpishi ana chake. Na barafu haichagui: kila kisichokuwa maji hubaki pamoja na kileo, hata vile vitu ambavyo mwili hauvitaki, methanoli ikiwa mojawapo.

Kwa nini kizibo kinatoka

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji yana tabia yake: yakigeuka barafu yanaongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Chukua chupa ya kawaida ya mililita 750. Kama mililita 500 za maji yake zimeganda, zinadai nafasi ya ziada ya mililita 45 hivi. Kati ya divai na kizibo kuna nafasi ya kijiko kimoja au viwili tu. Lazima kitu kimoja kisalimu amri: kizibo kinasukumwa nje, kifuniko cha bati kinapinda na kukatika meno yake, au kioo kinapasuka.

Kizibo kikitoka, tatizo la kweli ndipo linapoanza. Divai inapoyeyuka inasinyaa tena na kuvuta hewa ndani. Oksijeni ikiingia, divai inaanza safari ya kwenda kwenye siki: rangi ya nyekundu inaelekea kahawia, harufu ya matunda inapungua. Chupa moja ikiganda na kuyeyuka mara moja inavuta hewa mara moja. Ila Goma tunajua jinsi umeme unavyokuja na kuondoka, uwe wa SNEL kutoka Ruzizi, uwe wa Virunga Energies kutoka mtambo wa Matebe kule Rutshuru. Chupa iliyosahaulika wiki nzima katika friza ya namna hiyo inaganda na kuyeyuka tena na tena, na kila mzunguko ni pumzi nyingine ya hewa.

Hapa divai inatofautiana na samaki. Sambaza walioyeyuka wakagandishwa upya wanaweza kumlaza mtu hospitalini, kwa sababu vijidudu vinazaana kila joto linapopanda. Divai haina hatari hiyo. Kileo na asidi yake haviachi nafasi kwa vijidudu vinavyosababisha magonjwa ya tumbo. Divai iliyoganda inaweza kupoteza ladha, lakini haitakuwa sumu. Kwa hiyo umeme ukirudi baada ya saa nyingi, angalia kwanza nyama, samaki na dawa za mgonjwa. Divai inaweza kusubiri zamu yake.

Shampeni ni jambo jingine

Yote niliyosema yanahusu divai tulivu. Divai yenye mapovu ni hatari katika friza, na hilo lisichukuliwe kama mzaha.

Chupa ya shampeni imefungiwa hewa ya ukaa kwa shinikizo la kama mara sita ya hewa inayotuzunguka. Mkazi wa Goma hahitaji maelezo marefu hapa, kwa maana anaishi kando ya chupa kubwa kuliko zote: Ziwa Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zilizotulia kwenye kina kirefu kwa sababu uzito wa maji ya juu unazikandamiza. Shinikizo likiondoka, hewa inatoka. Ndani ya chupa, baridi ya kiasi husaidia hewa kubaki ndani ya divai. Maji yakianza kuganda mambo yanageuka, kwa sababu barafu haikubali kubeba hewa. Hewa inafukuzwa kwenye majimaji machache yaliyobaki na kwenye nafasi finyu chini ya kizibo, wakati huohuo barafu ikidai nafasi yake. Kioo kinaweza kupasuka, na kizibo kinaweza kuruka kwa nguvu ya kutosha kumpofusha mtu.

Urefu wa mji wetu nao una neno. Uso wa ziwa uko kama mita 1,460 juu ya bahari, na hewa ya Goma inakandamiza kwa nguvu pungufu ya asilimia 16 hivi kuliko ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Ndiyo maana maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ndiyo maana chupa ya mapovu hufoka kidogo zaidi ikifunguliwa hapa kuliko pwani. Ukiikuta shampeni imeganda, usiitingishe na usiifungue. Ifunike kwa taulo nene, izime friza, wafukuze watoto jikoni, na iache iyeyuke taratibu hapo hapo ilipo.

Bia nayo ina kituko chake, na wanywaji wa Goma wanakijua hata kama hawajaelezwa sababu. Unaletewa chupa ya baridi sana, ndani yake bia bado ni maji. Mhudumu anaifungua, mara bia yote inakuwa uji wa barafu mbele ya macho. Bia hiyo ilikuwa imeshapita kiwango cha kuganda ikiwa imetulia, bila chembe ya kuanzia. Kufunguliwa kwa kifuniko kumeachia mapovu, mapovu yamekuwa mahali pa barafu kujishika, na chupa nzima imefuata kwa sekunde chache. Ikiyeyuka itanyweka, ila mapovu yake yatakuwa yamechoka.

Wenyewe wanaoitengeneza huipitisha kwenye baridi

Wenye wasiwasi watashangaa kusikia kwamba divai nyingi zinazouzwa madukani zilikwisha kukaribia kuganda kabla hazijatiwa kwenye chupa. Viwandani divai huwekwa kwenye matangi yaliyopozwa hadi nyuzi 4 hivi chini ya sifuri, kwa siku kadhaa au hata wiki. Lengo ni kuitoa asidi ya tartari, ambayo baridi huifanya ishikane na potasiamu na kuwa chembe ngumu zinazozama chini.

Chembe hizo ndizo huwatisha watu wakiyeyusha chupa iliyoganda. Zinang'aa, zina ncha, na kwenye divai nyekundu huwa na rangi ya damu ya mzee. Wengi hudhani kioo kimevunjika ndani. Zisugue kati ya vidole: kioo hukata, chembe hizi husagika, na ukizionja ni chachu. Hazina madhara, na ni kitu kilekile kinachotumika katika baadhi ya unga wa kuumulia keki. Kwa kuwa zimetoka kwenye divai, divai yenyewe inabaki na uchachu pungufu kidogo. Hilo ndilo badiliko kubwa ambalo barafu peke yake huleta.

Huko Champagne, Ufaransa, barafu ni fundi mwenye mshahara. Masimbi ya chachu yakikusanywa kwenye shingo ya chupa, shingo hiyo huchovywa kwenye majimaji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 25 hivi chini ya sifuri. Masimbi yanagandia kwenye kipande kimoja cha barafu, chupa inafunguliwa, hewa inakitupa nje, na divai inabaki safi.

Ujerumani na Kanada wamekwenda mbali zaidi: wanagandisha zabibu zenyewe zikiwa shambani. Zabibu huachwa kwenye mizabibu hadi baridi ifike nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Ujerumani, au 8 kwa Kanada, kisha huvunwa usiku na kukamuliwa zikiwa ngumu kama kokoto. Maji hubaki kwenye shinikizo kama barafu, na kinachotiririka ni maji mazito ya sukari na asidi. Mwaka 1991 divai ya barafu ya Inniskillin, kutoka Niagara nchini Kanada, ilishinda tuzo kubwa katika maonyesho ya Vinexpo mjini Bordeaux, na dunia ikageuza macho. Lakini mabadiliko ya tabianchi hayana adabu kwa mkulima yeyote. Msimu wa baridi uliofuata mavuno ya 2019 ulikuwa wa joto mno, na kwa mara ya kwanza Ujerumani haikupata divai ya barafu katika mkoa wake hata mmoja.

Kwetu jambo hilo haliwezekani. Dodoma, nchi ya zabibu, ni ya jua na ukame, na mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka bila kuonja baridi ya kugandisha. Hata Nyiragongo, yenye mita 3,470, usiku wake hukaribia sifuri tu, na divai ingebaki majimaji. Ndani ya mkoa wa Kivu Kaskazini, mahali ambapo chupa ingeweza kuganda bila friza ni kule juu ya Rwenzori, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na barafu ya huko nayo inazidi kupungua kizazi hadi kizazi.

Kanisa lilishalifikiria

Kwa Wakristo wengi wa Goma, divai wanayoifahamu kwanza ni ya altareni, na hapo swali la kuganda lilijibiwa karne nyingi kabla ya kuwako friza. Misale ya Kirumi iliyotolewa na Papa Pius V mwaka 1570 ina sehemu inayoeleza kasoro zinazoweza kutokea wakati wa Misa. Humo padre anaelekezwa afanye nini iwapo, katika majira ya baridi, kilichomo ndani ya kalisi kimeganda baada ya kuwekwa wakfu. Aizungushie kalisi vitambaa vilivyopashwa moto. Visipofaa, aiweke kalisi kwenye maji ya moto karibu na altare, akihakikisha maji hayaingii ndani, hadi kiyeyuke.

Makanisa ya mawe ya Ulaya yalikuwa na baridi ya namna hiyo. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la hapa Goma lilipatwa na kinyume chake, lilipofunikwa na lava ya Nyiragongo mwezi Januari 2002. Lakini fundisho la Misale hiyo linafaa hata kwa meza ya nyumbani: hakuna aliyeambiwa amwage. Kilichoganda kiliyeyushwa kwa upole, nacho kikabaki kuwa kile kile.

Ukiikuta imeganda, fanya hivi

Itoe kwenye friza na uisimamishe ndani ya sufuria au beseni, ili kioo kikiwa na ufa usimwage kila kitu. Usiimwagie maji ya moto, kwa maana kioo kitapasuka kwa mshtuko. Iache kwenye friji ya kawaida au pembeni mwa jikoni hadi iyeyuke yote. Ukiona ufa wowote kwenye kioo, mwaga bila huruma.

Kama kizibo hakikusogea, igeuze taratibu, iache itulie, kisha mimina polepole ili chembe zibaki chini. Kama kizibo kilichomoza, inywe siku hiyo hiyo au kesho yake, usiirudishe kabatini. Kama imekaa wazi siku nyingi, itie kwenye vyombo vya kugandishia barafu na uitumie vipande vipande kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe au sungura. Shangazi alikuwa sahihi.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulaumu friza. Chupa nyingi zinazouzwa Goma zimeshuka meli Mombasa au Dar es Salaam, zikapanda lori na kupita nchi mbili tatu ndani ya kontena linalopigwa na jua. Divai iliyochemka njiani nayo hutanuka na kusukuma kizibo. Alama ya nje ni ile ile, ugonjwa ni tofauti. Iliyoganda bado inanukia matunda, na mara nyingi ina chembe chini. Iliyopikwa na jua inanukia jemu iliyoungua, rangi yake imechoka, na hakuna kitakachoirudisha. Ukiona kizibo kimechomoza dukani, ambako chupa haijawahi kuingia kwenye friza, usiinunue hata bei ikishuka.

Na ukiwa na haraka, acha friza. Weka nusu barafu na nusu maji kwenye ndoo, tupia konzi mbili za chumvi, zamisha chupa hadi shingoni. Maji hukumbatia chupa pande zote na huondoa joto upesi kuliko hewa ya friza, na chumvi hushusha joto la maji hadi chini ya sifuri. Baada ya dakika 20 hivi divai nyeupe iko tayari kwa sambaza wa kukaanga. Nyekundu haihitaji hata hilo. Inapendeza kwenye nyuzi 15 hadi 18, joto ambalo jioni ya Goma hutoa bure. Iweke dirishani upande usio na jua, ukate jibini yako ya Masisi, na friza uwaachie samaki.